Haki ya abiria aishiye mpakani

Nauli ni mojawapo ya tozo chache ambazo mfanyakazi huzilipa kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajaanza kazi na baada ya kuimaliza. Kodi ya mshahara hukatwa kabla fedha haijamfikia. Bei ya nguo huikuta mara chache kwa mwaka. Lakini nauli humdai asubuhi, na jioni humdai tena. Kwa sababu hiyo, namna nauli inavyopangwa si jambo la makondakta na wenye magari peke yao. Ni suala la haki baina ya wananchi, na wale waliokabidhiwa kazi ya kuipanga hawana budi kulijibu swali moja la msingi: ni kwa kipimo gani abiria huyu analipa zaidi ya yule?

Miji mingi duniani imelijibu swali hilo kwa kuugawa mji katika kanda. Katikati ya mji huitwa kanda ya kwanza, viunga vinavyoizunguka huitwa kanda ya pili, na vitongoji vya mbali huwa kanda ya tatu au zaidi. Abiria anayesafiri ndani ya kanda moja hulipa nauli ya chini. Avukaye mpaka hulipa ya juu. Mpango huo una sifa zake. Ni rahisi kuuandika kwenye bango na kila mtu akauelewa. Aidha, umejengwa juu ya wazo lisilo baya, kwamba anayesafiri mbali atumie fedha nyingi kidogo kuliko anayesafiri karibu.

Hata hivyo ndani ya mpango huo mna kasoro ambayo haiwagusi abiria wote kwa uzito mmoja. Humwangukia mtu yule yule, kila siku, mwaka hata mwaka. Huyo ni yule ambaye nyumba yake imesimama karibu na mstari.

Mfano ulio wazi ni wa Vancouver, mji wa pwani ya magharibi ya Kanada. Hadi mwaka 2015 mabasi ya mji huo na miji jirani yaliendeshwa kwa kanda tatu. Upande wa mashariki, mpaka baina ya kanda ya kwanza na ya pili ulifuata mpaka wa mji wa Vancouver na mji wa Burnaby, katika njia iitwayo Boundary Road, yaani Barabara ya Mpaka. Nauli ya fedha taslimu kwa kanda moja ilikuwa dola 2.75, kwa kanda mbili dola 4.00, na kwa kanda tatu dola 5.50. Abiria aliyepanda basi kwenye chuo kikuu kilichoko ncha ya magharibi, akaukata mji mzima kwa zaidi ya kilomita 10 na kushuka kabla ya Barabara ya Mpaka, alilipa dola 2.75. Mwenzake aliyepanda kituo kimoja upande huu wa barabara hiyo na kushuka kituo kimoja upande wa pili, alidaiwa dola 4.00.

Jambo hilo halihitaji elimu ya juu ya hesabu ili kulipima. Yule wa pili hakutumia mafuta mengi zaidi. Hakukalia kiti kwa muda mrefu zaidi. Hakumchosha dereva zaidi. Dola 1.25 ya ziada aliyolipa haikuwa bei ya safari, bali bei ya mstari. Tena mstari wenyewe ulikuwa na saa zake za kazi. Baada ya saa 12:30 jioni, na mwishoni mwa wiki, mabasi yale yale katika barabara zile zile yalitoza nauli ya kanda moja tu. Mpaka uliokuwa mzito mchana, wakati mfanyakazi yuko njiani na hana njia nyingine, ulitoweka usiku.

Watetezi wa mpango wa kanda wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba mstari hauna budi kupita mahali fulani. Popote utakapopita, patakuwa na mtu aishiye karibu nao. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wake ni nusu. Ni kweli kwamba huwezi kupata mstari usio na jirani. Lakini haifuati kwamba mistari yote ina uzito mmoja. Mstari unaopita katika msitu, mto au mashamba, mahali ambapo watu wachache huvuka kwa siku, haulingani na mstari unaoitenga shule na nyumba za wanafunzi wake, au zahanati na wagonjwa wake, au soko na wachuuzi wake. Anayechora mpaka hana budi kwanza kujua watu huenda wapi. Akichora bila kujua, asiseme kwamba lawama ni ya jiografia.

Hoja ya pili husema kwamba aliyehamia ng'ambo ya mpaka aliujua mpaka huo, na kwamba kodi ndogo ya nyumba anayoilipa huko ndiyo fidia yake. Hoja hii humfaa mtu mwenye uwezo wa kuchagua pa kuishi. Wengi hawachagui, husukumwa. Kodi ya chumba inapopanda karibu na mji, mwenye kipato kidogo hurudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka afikie pale mshahara wake unapotosha. Mwalimu hupangiwa shule na hamchagulii mkuu wa elimu kituo. Muuguzi hufuata zamu yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba aliutaka mpaka ni kumhukumu kwa uamuzi ambao wengine waliufanya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Husema kwamba mpaka ukifutwa na nauli ikawa moja kwa mji mzima, basi anayesafiri kilomita 2 atamlipia anayesafiri kilomita 20. Hilo ni kweli, na aliyeshika upande wa abiria wa mpakani hana budi kulikubali kabla ya kuendelea. Haki kwa jirani wa mstari haipasi kujengwa kwa kumkandamiza mama anayekwenda sokoni kituo cha tatu kutoka kwake. Kwa hiyo swali halisi si kama mpaka uwepo au usiwepo. Swali ni namna gani mpaka unaweza kupunguzwa makali yake, na nani abebe gharama ya kuupunguza.

Katika hili miji ya dunia imekwisha jaribu njia tatu, na kila moja ina somo lake.

Njia ya kwanza ni kuufuta mpaka kabisa. Vancouver ilifanya hivyo kwa mabasi yake tarehe 5 Oktoba 2015, ambapo safari yoyote ya basi ilihesabiwa kuwa ya kanda moja, ingawa treni za mji ziliendelea kuwa na kanda. Ni vizuri kutambua kwamba mabadiliko hayo yaliletwa zaidi na mashine kuliko na malalamiko ya abiria. Kadi mpya za elektroniki zilimtaka abiria aigusishe kadi wakati wa kushuka, na vyombo vya kusomea kadi kwenye milango ya mabasi vilikuwa havitegemeki vya kutosha kwa kazi hiyo. London nayo imekuwa na nauli moja ya basi kwa mji mzima tangu mwaka 2004, na mwaka 2016 iliruhusu abiria kubadili basi ndani ya saa moja bila kulipa mara ya pili. Mjini Paris na mkoa unaouzunguka, Septemba 2015, kadi ya mwezi iliyokuwa na bei tofauti kwa kanda ilifanywa kuwa ya bei moja ya euro 70.

Lakini kufuta mpaka kunataka fedha, na fedha hiyo haitoki hewani. Huko Paris waajiri huchangia usafiri wa umma kwa kodi maalumu inayotokana na mishahara wanayolipa, na bei ya kadi yenyewe imepanda baadaye hadi kufikia euro 88.80 mwaka 2025. London ilipata somo chungu zaidi. Oktoba 1981 baraza la jiji hilo lilishusha nauli kwa wastani wa asilimia 32 na kuanzisha kanda, likitegemea ushuru wa majengo kuziba pengo. Halmashauri ya Bromley, kitongoji ambacho hakikuwa na hata kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi, ilikwenda mahakamani kupinga wakazi wake kulipia usafiri wasioupata. Desemba mwaka huo majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba baraza halikuwa na uwezo wa kisheria kufanya vile, na Machi 1982 nauli zilipandishwa karibu mara mbili. Nia njema isiyo na msingi wa sheria wala wa fedha iliishia kumuumiza abiria yule yule iliyekusudia kumsaidia.

Njia ya pili haifuti mpaka, bali huupanua. Badala ya mstari mwembamba kama uzi, huwekwa eneo zima ambalo huhesabiwa kuwa ndani ya kanda zote mbili kwa wakati mmoja. Aishiye katika eneo hilo akielekea mjini huhesabiwa kuwa wa kanda ya ndani, na akielekea nje huhesabiwa kuwa wa kanda ya nje. Melbourne, nchini Australia, ilikuwa na eneo la namna hiyo baina ya kanda yake ya kwanza na ya pili, hata kabla ya Januari 2015, ilipoamua kwamba safari ya kanda zote mbili isizidi nauli ya kanda ya kwanza. London hufanya hivyo kwa vituo vya treni vilivyo juu ya mpaka: kituo cha Stratford kilichokuwa katika kanda ya tatu kiliwekwa katika ya pili na ya tatu kwa pamoja Januari 2016, na abiria hutozwa kwa hesabu iliyo nafuu kwake. Mpango huu hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji tu mpangaji akubali kwamba watu huishi pande zote mbili za kalamu yake.

Njia ya tatu ni kuzifanya ngazi za nauli kuwa fupi. Singapore, tangu Julai 2010, hutoza kwa umbali wa safari nzima, ngazi ndogo ndogo za kilomita moja hivi, na abiria akibadili basi au treni hesabu huendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Mahali ambapo kila ngazi ni senti chache, hakuna mstari mmoja wenye uwezo wa kumwumiza mtu.

Masomo hayo yana maana gani kwa Dar es Salaam, mji ambao haujachorewa kanda za nauli? Yana maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Historia ya usafiri wa mji huo ni historia ya kutafuta kipimo cha nauli. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974. Mabasi ya watu binafsi yalipokubaliwa rasmi mwaka 1983, wananchi waliyaita daladala, jina litokanalo na dala, yaani shilingi 5 zilizotozwa kwa safari. Jina lenyewe, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya nauli moja kwa wote.

Siku hizo zimepita. Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipanga nauli za daladala kwa ngazi za umbali: shilingi 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10, shilingi 700 kwa njia ya kilomita 11 hadi 15, shilingi 800 hadi kilomita 20, na kuendelea. Ukizitazama ngazi hizo peke yake, utaziona ni za haki ya kutosha. Kutoka ngazi moja hadi nyingine ni shilingi 100 tu. Anayeishi kilomita ya 11 hana sababu kubwa ya kumwonea wivu aishiye kilomita ya 10.

Mpaka mkali wa Dar es Salaam hauko kwenye ngazi hizo. Uko kituoni, pale abiria anaposhuka kwenye gari moja na kupanda jingine. Chukua wafanyakazi wawili wanaoishi kilomita 14 kutoka kazini. Wa kwanza ana daladala la moja kwa moja. Kwa viwango hivyo vya 2023 analipa shilingi 700. Wa pili hana, na inambidi apande magari mawili, kila moja katika njia isiyozidi kilomita 10. Analipa shilingi 600 mara mbili, yaani 1,200. Umbali ni ule ule. Tofauti ni shilingi 500 kwa kwenda, na 1,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 22,000. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000. Kwa mtumishi wa ngazi hiyo, tofauti hiyo humeza zaidi ya shilingi 4 katika kila 100 za mshahara wake kabla ya makato. Kwa miezi 11 ya kazi ni shilingi 242,000, karibu nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Na hiyo si nauli yake yote. Ni ile ziada tu anayoilipa kwa kosa la kuishi mahali ambapo njia mbili hukutana badala ya mahali ambapo njia moja hupita.

Hali huwa mbaya zaidi pale dereva anapokatisha ruti. Gari lililosajiliwa kufika mwisho wa njia hugeuzia katikati saa za msongamano, abiria huteremshwa, na safari iliyopaswa kuwa moja hugeuka mbili. Hapo mpaka mpya wa nauli huchorwa na mtu asiye na mamlaka yoyote ya kuuchora, na huchorwa kwa faida yake. Kukatisha ruti huzungumzwa kama utovu wa nidhamu barabarani. Kwa kweli ni zaidi ya hapo: ni kupandisha nauli bila kibali.

Kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa si ndoto. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, na ya njia mlishi shilingi 400. Aliyetumia njia zote mbili hakudaiwa shilingi 1,050, bali 800. Shilingi 250 zilizopunguzwa zilikuwa na maana kubwa kuliko thamani yake. Zilikiri kwamba safari ya mwananchi ni moja, kutoka mlangoni kwake hadi kazini kwake, hata kama inamlazimu kubadili gari njiani. Kanuni hiyo inastahili kupelekwa nje ya njia za mabasi hayo na kuwafikia abiria wa daladala, ambao ndio wengi.

Ugumu wake unajulikana. Daladala ni mali ya watu wengi, na kila mmoja ana mkopo wa kulipa na hesabu ya siku ya kupokea. Hakuna atakayembeba abiria bure eti kwa sababu amelipa kwenye gari la mwingine. Kwa hiyo nauli ya safari moja katika magari mawili haiwezekani mpaka fedha ikusanywe kwa kadi, na igawanywe kwa wenye magari kwa hesabu iliyo wazi. Tiketi za elektroniki, zinapoenezwa, zisiishie kuwa chombo cha kudhibiti mapato tu. Ziwe chombo cha kumtambua abiria aliyekwisha lipa.

Lakini hapo pana hatari ya kuchungwa mapema. Mashine za tiketi hupenda mipaka, na watendaji wanaozipanga hupenda mipaka iliyokwisha chorwa. Wataona ni rahisi kuzifanya wilaya kuwa kanda za nauli. Hilo likatazwe tangu mwanzo. Mipaka ya wilaya iliwekwa kwa ajili ya utawala na hubadilika kwa sababu za utawala. Wilaya ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, Kimara haikusogea hata hatua moja, wala safari ya mkazi wake haikurefuka. Vivyo hivyo mkazi wa Vikindu, aliye mkoa wa Pwani, na mkazi wa Kongowe, aliye Dar es Salaam, ni majirani wanaotumia barabara moja. Mpaka wa mkoa uliopo baina yao usije ukageuzwa kuwa kizuizi cha mfukoni.

Mpango wowote wa nauli, uwe wa kanda au wa umbali, wapaswa kupita mitihani mitatu kabla ya kutangazwa. Kwanza, watu wawili wanaosafiri umbali mmoja wasipishane sana katika malipo. Pili, mahali popote nauli inaporuka, pawe na eneo la pamoja linalohesabiwa kwa nafuu ya abiria, na mruko wenyewe uwe mdogo. Tatu, fedha ya kufidia nafuu hiyo ijulikane inatoka wapi, na sheria iiruhusu, isije ikatolewa leo na kunyang'anywa kesho kama ilivyotokea London mwaka 1982.

Wanaopanga nauli hukaa ofisini na ramani mezani. Katika ramani, mpaka hauna unene wowote. Lakini kwa mfanyakazi anayeuvuka mara mbili kwa siku, mpaka huo una bei, na bei hiyo huilipa kwa chakula cha mchana asichokila. Mtendaji atakayeupitisha mstari wake na aupite kwanza kwa miguu, saa 12 asubuhi, pamoja na wale watakaoulipia.